Jasho la mwanafunzi katika utafiti liheshimiwe



Mwaka 1969 jarida la Uingereza la walimu wa fizikia, liitwalo Physics Education, lilichapisha makala fupi juu ya kuganda kwa maji. Waandishi wake walikuwa wawili. Wa kwanza, E. B. Mpemba, alikuwa kijana wa Kitanzania aliyekuwa akisomea uhifadhi wa wanyamapori katika Chuo cha Mweka, karibu na Moshi. Wa pili, D. G. Osborne, alikuwa mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Mtaalamu mwenye shahada ya udaktari na kijana asiyekuwa na shahada yoyote waliandikwa bega kwa bega, na jina la asiyekuwa na shahada likatangulia. Wako watakaosema kwamba herufi M hutangulia herufi O, na kwamba hapakuwa na zaidi ya hayo. Yawezekana. Lakini aisomaye makala yenyewe huona kwamba sehemu ya kwanza imeandikwa na Mpemba kwa maneno yake mwenyewe, na sehemu ya pili na Osborne kwa maneno yake. Hilo halikuletwa na abjadi.

Kisa hicho hujulikana kwa juu juu, nacho husimuliwa kama kioja cha barafu. Inafaa kisimuliwe tena kwa kuwatazama watu badala ya kuyatazama maji.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, huko Lushoto. Wanafunzi walikuwa na desturi ya kutengeneza aiskrimu. Walinunua maziwa kwa akina mama wa jirani, wakayachemsha, wakayatia sukari, wakangoja yapoe, ndipo wakayaweka katika jokofu. Nafasi ndani ya jokofu ilikuwa haba na wenye kuitaka walikuwa wengi. Siku moja Mpemba alimwona mwenzake akichanganya maziwa na sukari bila kuyachemsha kabisa, ili awahi nafasi. Naye, akichelea kukosa chombo cha mwisho kilichosalia, aliyatia maziwa yake yangali moto, na liwalo na liwe juu ya jokofu. Baada ya saa moja na nusu walirudi kutazama. Maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda, na ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito.

Alimwuliza mwalimu wake wa fizikia sababu ya jambo hilo, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, kwa kuwa haliwezekani. Kijana akanyamaza. Lakini baadaye, akiwa mjini Tanga, rafiki yake mmoja aliyekuwa akiuza aiskrimu alimweleza kwamba yeye hutia mchanganyiko wa moto makusudi, kwa sababu huganda upesi zaidi. Basi swali likawa halimtoki. Alipofaulu na kwenda Shule ya Sekondari ya Mkwawa, Iringa, somo la kwanza la fizikia lilikuwa joto, na alipofundishwa kanuni ya Newton kuhusu kupoa kwa vitu, aliuliza tena. Mwalimu alishikilia kanuni, na mwanafunzi alipozidi kubisha, aliambiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu siku hiyo kila alipokosea hesabu darasani, wenzake walimcheka kwa maneno hayo hayo. Si haki kumlaumu mno mwalimu yule, maana alijibu kama vitabu vilivyojibu. Lakini mwanafunzi alikuwa na jambo ambalo vitabu havikuwa nalo, yaani alikuwa ameona kwa macho yake. Siku moja aliikuta maabara ya biolojia i wazi, akatwaa vyombo viwili vya ujazo wa sentimeta 50 za ujazo, kimoja akakitia maji ya bomba na kingine maji ya moto, akaviweka katika jokofu. Baada ya saa moja hakuna kilichokuwa kimeganda chote, ila katika kile cha maji ya moto barafu ilikuwa nyingi zaidi.

Haukupita muda mrefu, mkuu wa shule akamwalika Dakta Osborne kutoka Dar es Salaam aje kuwazungumzia wanafunzi juu ya fizikia na maendeleo ya taifa. Wakati wa maswali Mpemba alisimama. Aliuliza kwa nini, ukitwaa vyombo viwili vilivyo sawa na vyenye maji kiasi kile kile, kimoja kikiwa na nyuzijoto 35 na kingine 100, ukaviweka pamoja katika jokofu, kile kilichoanza na 100 hutangulia kuganda. Ukumbi ukacheka, na wenzake wakaona ameiaibisha shule mbele ya mgeni.

Ndugu Walimu, hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo haya. Mgeni yule angeweza kujibu kama walivyojibu wengine. Ni kweli kwamba yeye mwenyewe, kama alivyokiri baadaye, alidhani kijana amekosea. Lakini alimwuliza kwanza kama amelifanya jaribio hilo, na alipojibiwa ndiyo, alisema hajui sababu, na akaahidi kulijaribu atakaporudi Dar es Salaam. Akarudi, akamkabidhi kazi hiyo fundi kijana wa maabara. Fundi alimletea habari kwamba maji ya moto kweli yalitangulia kuganda, lakini akamtuliza mkubwa wake kwamba wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu lililo sahihi! Wenye kufanya kazi katika maabara, na hata katika ofisi za takwimu, watacheka kwa kujitambua. Jaribio lilirudiwa, na matokeo yakawa yale yale. Wakatia mafuta kidogo juu ya maji ili kuzuia mvuke usitoke, wakapima joto la juu na la chini ya chombo, na mwisho makala ikaandikwa.

Mtu anaweza kuuliza: je, Osborne angeiandika makala hiyo peke yake, nani angejua? Vipimo vilifanyika katika maabara yake, kwa vyombo vya chuo chake na kwa muda wake. Angeweza kumtaja Mpemba mwishoni, katika mstari mmoja wa shukrani, kama kijana fulani wa shule fulani aliyeuliza swali la kuchekesha. Wengi wamefanya hivyo na hawakushtakiwa popote. Kwa kuchagua njia nyingine alimfanya kijana wa Lushoto kuwa mmiliki wa swali lake. Leo, wataalamu wa nchi zote wanapoliandika jambo hilo, huliita kwa jina la Mpemba. Aristotle alilidokeza zamani sana, na Francis Bacon na Descartes wakalitaja katika karne ya 17. Hata hivyo jina lililoshika ni la mwanafunzi.

Wala heshima hiyo haikungoja hoja ithibitishwe moja kwa moja. Mabishano hayajaisha hadi leo. Mwaka 2012 Jumuiya ya Kifalme ya Kemia ya Uingereza ilitangaza shindano la kutafuta maelezo bora, na majibu kama 22,000 yakapelekwa. Mwaka 2016 wataalamu wawili walichapisha utafiti wakitilia shaka kama jambo lenyewe hutokea katika maji kwa namna inayosemwa. Mwaka 2020 wengine, huko Kanada, wakaonyesha kwa chembe ndogo ndogo zilizo ndani ya maji kwamba kitu chenye joto zaidi kinaweza, katika hali maalumu, kutangulia kupoa. Huenda siku moja ikaamuliwa kwamba Mpemba aliona sawasawa, au kwamba jokofu la shule lilimchezea. Kwa vyovyote vile, aliyeuliza ni yeye na aliyepima mara ya kwanza ni yeye, na hati inasema hivyo.

Ulezi wa kitaaluma ndio huo. Hauhusiani sana na kumpa mwanafunzi majibu, wala na kumsahihishia sarufi, ingawa hayo nayo yana nafasi yake. Ni kulichukua swali la mdogo kama swali la mtu mzima, kulipa vyombo na muda, kisha kulirudisha kwa mwenyewe likiwa na jina lake. Kazi hiyo haionekani. Mhadhiri anapoomba kupandishwa cheo huhesabiwa makala alizochapisha. Saa alizokaa na mwanafunzi aliyekwama, barua alizomwandikia, sura za tasnifu alizosoma mara nne, hizo hazina mizani ya kuzipimia. Matokeo yake yanajulikana: mlezi mwema huchelewa cheo, na yule anayeandika jina lake juu ya kazi za wanafunzi huwahi. Jarida la Nature lilianzisha mwaka 2005 tuzo maalumu kwa walezi wa wanasayansi, na jambo zuri katika tuzo hiyo ni kwamba mtu hupendekezwa na wale aliowalea. Bila shaka ushahidi wao ni bora kuliko wa mkuu wa idara.

Upande wa pili wa jambo hili ni mchungu, nao unagusa dawa ambayo wodi za kifua kikuu za Afrika Mashariki ziliijua kwa miaka mingi. Mwaka 1943 Albert Schatz, mwanafunzi wa shahada ya udaktari mwenye umri wa miaka 23, alikuwa akifanya kazi katika chumba cha chini ya ardhi cha Chuo cha Rutgers, Marekani, chini ya Profesa Selman Waksman. Kutokana na vijidudu vya udongoni alipata dawa ya streptomaisini, dawa ya kwanza ya namna hiyo kufaa dhidi ya kifua kikuu. Makala ya Januari 1944 ilitaja majina matatu: Schatz, Elizabeth Bugie ambaye naye alikuwa mwanafunzi, kisha Waksman. Hadi hapo mambo yalikwenda vizuri. Lakini sifa ilipoanza kuenea, magazeti yalimjua Waksman peke yake, na mrabaha wa dawa ulipoanza kuingia, Schatz hakuambiwa kwamba sehemu yake inakwenda kwa profesa.

Mwaka 1950 mwanafunzi alimpeleka mwalimu wake mahakamani. Ni jambo zito, kwa Wamarekani kama ilivyo kwa Waafrika. Kabla mwaka huo haujaisha walipatana: Schatz akatambuliwa kisheria kuwa mgunduzi mwenza, akapewa asilimia 3 ya mrabaha, na Waksman akabaki na asilimia 10. Mwaka 1952 Tuzo ya Nobel ilitolewa kwa Waksman pekee. Schatz alipata haki yake kwenye karatasi, lakini milango mingi ya maabara ilimfungia, kwa kuwa hakuna aliyetaka kumwajiri mtu aliyemshtaki profesa wake. Chuo cha Rutgers kilimpa nishani yake mwaka 1994, miaka hamsini baada ya makala ile. Na Elizabeth Bugie, ambaye jina lake limo katika makala ila halimo katika hataza, amesahauliwa hata na wengi wanaomtetea Schatz.

Mambo hayawi wazi hivyo daima. Jocelyn Bell, mwanafunzi wa udaktari Cambridge, alishiriki kwa mikono yake kuijenga darubini ya redio, kisha mwaka 1967 akawa na kazi ya kukagua karatasi zilizotoka mashineni, kiasi cha meta 30 kila siku. Humo aliona alama ndogo isiyofanana na nyingine. Msimamizi wake, Antony Hewish, alidhani mwanzoni kuwa ni usumbufu uliotokana na shughuli za wanadamu. Binti hakuiachia. Alama ile ilikuwa nyota ya aina mpya, yenye kutoa mapigo kama saa kila baada ya sekunde moja na theluthi hivi. Katika makala ya 1968 Hewish alikuwa wa kwanza na Bell wa pili kati ya waandishi watano. Tuzo ya Nobel ya 1974 ilikwenda kwa Hewish na Martin Ryle.

Wengi walikasirika kwa niaba ya Bell. Yeye mwenyewe alisema kwa upole kwamba msimamizi ndiye hubeba lawama utafiti unaposhindwa, na kwamba si vyema tuzo kubwa kama hizo kupewa wanafunzi isipokuwa kwa nadra sana. Ni hoja ya kiungwana na ina uzito wake. Lakini historia iliyofuata haikuiunga mkono. Mwaka 1993 tuzo ile ile ilitolewa kwa Russell Hulse na Joseph Taylor, kwa nyota za jamii hiyo hiyo waliyoigundua mwaka 1974 Hulse akiwa mwanafunzi wa Taylor. Mwaka 2018 akaipata Donna Strickland pamoja na msimamizi wake Gérard Mourou, kwa kazi ya mwanga wa leza waliyoichapisha mwaka 1985 Strickland akiwa mwanafunzi, jina lake likitangulia. Taylor na Mourou hawakupungukiwa na kitu kwa kushirikiana sifa. Na mwaka huo huo wa 2018 Bell alipewa tuzo nyingine ya dola milioni 3, akazitoa zote kuwasomesha wanafunzi wa fizikia kutoka makundi yaliyo nyuma, wakiwamo wakimbizi.

Sheria za kazi hii zipo, na si siri. Wahariri wa majarida ya utabibu walikutana Vancouver mwaka 1978, na baadaye wakaweka masharti ya nani anastahili kuitwa mwandishi: awe ameshiriki kuubuni utafiti au kuchambua matokeo, awe ameandika au kuisahihisha kazi kwa kina, na awe ameikubali kabla haijachapishwa. Kuwa mkuu wa idara si sharti mojawapo. Kutia sahihi ombi la fedha nako si sharti. Upungufu wa kanuni hizo ni kwamba hukumbukwa siku ya kuandika makala, wakati kila mtu amekwisha kujihesabia mavuno. Panapostahili ni siku ya kwanza, kabla ya dodoso kuchapwa na kabla ya mtu kupanda basi kwenda vijijini. Msimamizi na mwanafunzi wakae, waandike nani atafanya nini na jina la nani litakaa wapi, na kila mmoja abaki na nakala yake. Utaratibu huo hugharimu karatasi mbili.

Wapo watakaosema kwamba makubaliano ya maandishi kati ya mwalimu na mwanafunzi ni kukosa heshima. Neno lenyewe "mwanafunzi" lina "mwana" ndani yake, na mwana haandikiani mkataba na mzazi. Hoja hiyo ni tamu kuisikia, ila hutumiwa na upande mmoja tu. Mtoto akirudi kutoka baharini na samaki, mzazi muungwana huwaambia majirani ni nani aliyevua. Aliye mwana kweli hapotezewi jina lake, hufundishwa kulitunza.

Watumishi wa umma wasidhani kwamba shauri hili ni la maprofesa pekee. Ofisa mdogo huzunguka wilaya nzima akikusanya takwimu za mavuno au za mahudhurio ya shule, akaandika taarifa usiku, na taarifa hiyo hupanda ngazi hadi ifikapo juu ikiwa na sahihi ya mtu ambaye hakukanyaga shamba lolote. Ni kweli kwamba taarifa ya serikali ni ya ofisi, wala si ya mtu. Kazi ya pamoja ina haki yake pia. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilipotoka mwaka 1981, mtungaji aliyetajwa jaladani alikuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, na hakuna aliyeona kosa, kwa maana hakuna mtu mmoja aliyejichukulia jasho la wengine. Tofauti iko hapo. Ofisi inapochukua jina, wote wamefichwa sawasawa. Mkubwa mmoja anapolichukua, wamefichwa wengine ili yeye aonekane, na ofisa yule mdogo hatakuwa na cha kuonyesha siku atakapoulizwa amefanya nini kwa miaka mitano.

Mashuleni pia, mwalimu anayepeleka wanafunzi wake kwenye maonyesho ya sayansi anajua kishawishi kilichopo cha kuwatengenezea kazi kisha kuwakaririsha maelezo. Kikombe hupatikana, picha hupigwa, na kilichopotea hakionekani katika picha. Mwalimu mwingine huwaacha wakosee, huwauliza wamepimaje, huwatafutia chombo, na huenda shule yake isipate kikombe mwaka huo. Wakaguzi wanapopita, inafaa wamwulize mwalimu huyo wa pili jinsi anavyofanya kazi yake, na waandike katika ripoti zao.

Na katika kisa cha Mpemba limebaki jina moja ambalo halijatajwa. Fundi kijana wa maabara ya Dar es Salaam, aliyetarajia jibu "sahihi" na akapata la kweli, ndiye aliyelipima kwa mara ya kwanza chuoni swali lililochekwa Iringa. Aliipeleka habari kwa mkubwa wake kama alivyoikuta, ijapokuwa yeye mwenyewe hakuiamini. Kisa hiki kinaposimuliwa, na kimesimuliwa mara nyingi sana, yeye huitwa fundi tu.